Ubavu wa Kushoto wa Lile Gauni

Wivu ninao. Nasema mapema ili mtu asije akaninong'onea kana kwamba amegundua jambo. Ninao wa kutosha kugawia mtaa mzima na wa kesho ukabaki. Tena wivu wangu hautangatangi, una mwenyewe: ni wa mwanamke mmoja tu, fundi cherehani mwenzangu, ambaye watu humwita Pima kwa sababu hupima kitambaa mara tatu kabla ya kukikata, na mara ya nne akishakikata, sijui ili akiombe radhi.

Siku hiyo nilikuwa napiga pindo la suruali ya mteja mume wangu alipoingia chumbani kwangu kwa kushonea. Mume wangu ni mpaka rangi, na anapotoka kazini huwa na nyusi za rangi ya nyumba ya mtu. Siku hiyo zilikuwa za kijani.

"Mama watoto," akasema, "Pima kanunua deki mpya."

Mguu wangu ukasimama juu ya pedeli. "Deki ya nini siku hizi? Watu wanaangalia kwenye simu."

"Ya diski. Wanasema ukiiwekea sinema ya zamani inaitoa kama imepigwa jana. Unaona mpaka kope."

"Kope zina faida gani?"

"Mimi sijui, nimeambiwa kope. Jumamosi mchana anaalika watu waangalie ile sinema yenu. Na wewe umealikwa."

Mguu ukaanza kukanyaga wenyewe, na sindano ikanipata kidole. Mume wangu akacheka, akasema angalau suruali imepata chapa. Mimi nilikuwa nanyonya damu na kufikiri.

Sinema hiyo si yetu kwa maana kwamba tulicheza. Miaka ishirini na mbili iliyopita wapiga picha walikuja mjini na magari yao na taa zao, wakamtaka mwalimu wetu wa ushonaji, marehemu Bibi Mkasi, awashonee gauni la mwigizaji mkuu. Mimi na Pima tulikuwa wanafunzi wake, meza moja, pasi moja, chaki moja. Gauni lilikuwa la mistari iliyolala, bluu na nyeupe, kila mstari mwembamba kama njiti ya kiberiti. Yalitakiwa magauni mawili yanayofanana: moja la kuvaliwa sinema nzima, jingine la kunyeshewa kwenye tukio la mvua, maana nguo ikishalowa hakuna atakayekaa kungojea ikauke.

Kitambaa kilitosha magauni mawili tu, bila kubaki hata kipande cha kufutia pua. Bibi Mkasi akaweka mkasi mezani, akasema kila mmoja akate lake. Nikaunyakua. Sikuweza kuvumilia Pima akate kwanza, sina sababu nyingine ya kuwapa. Kwa haraka hiyo nikakilaza kipande cha nyuma kikainama kidogo upande wa kushoto, upana wa nusu ya kidole, nikakata. Ubavu wa kulia mistari ilikutana. Ubavu wa kushoto, ilipofika kwenye mshono, ya mbele ilikwenda huku na ya nyuma kule, kama ndugu waliogombana. Kitambaa kingine hakikuwepo. Nikashona hivyo hivyo, nikapiga pasi, nikanyamaza. Ng'ambo ya meza Pima alikuwa anamalizia lake, na mistari yake ilizunguka kiuno chote bila kukatika, usingejua mshono uko wapi.

Bibi Mkasi aligeuza langu, akautazama ubavu ule, kisha akanitazama mimi. "Kamera haina macho ya fundi," akasema, akayatia yote mawili kwenye mfuko mmoja. Hakuweka alama yoyote ya kuyatofautisha.

Sinema ilipotoka kwenye diski tuliitazama, na hapakuonekana kitu. Kwenye deki za zamani mistari myembamba haitulii. Yule binti akitembea, gauni zima linachemka kama uji. Akisimama, linatetemeka lenyewe hata kama yeye hapumui. Lipi lilivaliwa sinema nzima, langu au la Pima? Hakuna aliyejua. Basi nikasema ni langu. Nilisema mapema, nilisema kwa sauti, na nilimwambia kila mteja aliyeingia. Sikuwa mwongo, nilikuwa nabahatisha. Wateja wakaja kwa ajili ya lile gauni, wakaleta dada zao na mawifi zao, na jina langu likashikana nalo. Pima akiulizwa alikuwa anasema, "Tulishona wawili, hata mimi sijui ni lipi." Unyenyekevu wake huo ulinikata maini kuliko kama angenitukana.

Sasa niangalie hali yangu. Deki mpya ikiituliza ile mistari, litajulikana moja kati ya mawili. Mistari ikikutana ubavuni, gauni ni la Pima, na mimi nimetembea miaka yote nimevaa sifa ya mtu. Isipokutana, gauni ni langu, na kila mwenye macho ataona nilivyolishona.

Hata hayo yangevumilika kama si yule mama wa jumba la maigizo. Jumba limejengwa mwaka huu, jipya kabisa, na yeye ndiye msimamizi wa mavazi. Alikuwa anatafuta mkuu wa chumba cha kushonea: cherehani nane, mafundi wa kusimamia, na dirisha refu kutoka sakafuni hadi dari. Msinicheke kwa habari ya dirisha. Miaka yote hii nashona kwenye chumba ambacho saa sita mchana nawasha taa. Alhamisi alikuja kwangu, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akaanza kupapasa mishono ya nguo zilizotundikwa bila kuomba ruhusa, kama fundi yeyote afanyavyo.

"Nilikuwa msichana wa shule nilipoliona lile gauni," akasema. "Ndilo lililoniingiza kwenye kazi hii. Nimeambiwa ni wewe."

"Ni mimi," nikasema.

"Na Pima?"

"Pima naye alikuwepo."

Akatabasamu. "Amenialika kwake Jumamosi. Njoo tuangalie pamoja. Nikishamjua aliyelishona, sitafuti tena mtu mwingine."

Usiku huo niliiweka diski yangu kwenye deki yetu, ile yenye waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, nikatazama kwa pua karibu kugusa kioo. Uji mtupu. Nikalala nimefurahi, nikaamka sina raha.

Ijumaa asubuhi nikafunga duka, nikaenda na diski kwa fundi wa redio na televisheni. Fundi huyu ana maneno mengi, na akishika bisibisi ni kama amepewa kipaza sauti. Nikamuuliza deki mpya zinaona kiasi gani.

"Hazioni, mama. Zinajaza." Akaipangusa diski yangu kwa shati lake. "Picha ya humu ni ya zamani, ina nukta chache. Televisheni za sasa zina nukta mara sita ya hizo. Sasa hizo za ziada nani azilete? Deki inatazama nukta ya kushoto, inatazama ya kulia, inasema, basi hapa katikati patakuwa na rangi fulani."

"Kwa hiyo inabahatisha."

"Inabahatisha, lakini kwa kuuliza majirani."

"Majirani wanasema uongo."

"Inategemea mtaa," akasema, akacheka peke yake.

Akaitia kwenye deki moja mpya ya bei rahisi. Nyuso zikatoka laini kama zimepakwa nta, kila kitu kikapata uzi mweupe pembeni, lakini gauni lilikuwa linachemka vilevile. Nikashusha pumzi. Nikamwambia, kumbe upya wenyewe ni kelele tu.

"Hii ni mpya kwa umri," akasema. "Ya Pima ni mpya kwa akili. Nimemuuzia mimi mwenyewe." Akavuta kiti. "Sikiliza, mama. Picha hizi za zamani zinakuja nusu nusu. Nusu ya kwanza inaleta mstari wa kwanza, wa tatu, wa tano. Nusu ya pili inaleta ile iliyorukwa. Deki mbovu inazibandika ovyo, ndiyo maana nguo ya mistari inatetemeka. Nzuri inazipanga mpaka zikae."

"Yaani kazi yake ni kulinganisha mistari kwenye mshono."

"Hapo umenena kama fundi."

Nilikuwa naionea wivu deki. Kitu cha plastiki, hakijawahi kushika mkasi, na kinajua kuunganisha nusu mbili kuliko nilivyojua mimi siku ile.

"Pima alikuja na diski yake kuijaribu?" nikauliza.

"Alikuja bila diski. Nikamwambia alete tuijaribu, akakataa kabisa. Alipitia deki tatu, na kila moja aliniuliza swali moja tu: hii itatuliza mistari?"

Basi nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Pima alikuwa anajua mistari yake inakutana. Alikuwa amenyamaza miaka ishirini na mbili, sasa amepata chombo cha kunivua nguo mbele za watu, tena mbele ya yule mama mwenye kazi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na huyu wangu alikuwa nguoni kweli kweli. Njia nzima ya kurudi nilikuwa napanga la kusema.

Jumamosi saa nane mchana tulikuwa sebuleni kwa Pima. Chumba kidogo, kimepangwa kwa rula. Mapazia yamebanwa katikati kwa pini za kushonea ili mwanga usipenye, na vitambaa vya makochi amevipiga lesi mwenyewe, lesi ambayo nilijaribu kuitafutia kosa na sikulipata. Mama wa maigizo alipewa kiti cha mbele. Mimi na mume wangu tulikaa kwenye kochi, na majirani watatu nyuma yetu. Deki yenyewe ilikuwa nyembamba, nyeusi, iko chini ya televisheni haina hata majivuno. Pima aliitia diski kwa vidole viwili. Mara ya kwanza hakuielekeza sawasawa, nikafurahi kuona.

Sinema ikaanza. Sitawadanganya: ilikuwa nzuri. Herufi za mwanzo, ambazo kwangu zina manyoya, hapa zilikatwa safi. Ukuta wa nyumba ulikuwa na nyufa ambazo sikuwahi kujua zipo. Mwigizaji aliyecheza baba alikuwa na ndevu za siku mbili, na mimi miaka yote nilidhani ni kivuli. Mume wangu akanong'ona, "Kope hizo, mama watoto, si nilikwambia?" Nikamkanyaga.

Kisha binti akaingia mlangoni na lile gauni.

Halikuchemka. Mistari ilikuwa imetulia, bluu, nyeupe, bluu, nyeupe, kama kitambaa kimetandazwa mezani mbele yangu. Nilisikia mama wa maigizo akivuta pumzi. Mimi nilianza kutafuta. Binti alitembea kutoka kushoto kwenda kulia, akatuonyesha ubavu wa kulia, na mistari ikakutana. Hiyo haikuniambia kitu, kwani ya kwangu pia ilikutana upande huo. Akakaa. Akasoma barua. Akalia kidogo. Nilikuwa namwomba kimoyomoyo ageuke na namwomba asigeuke, yote kwa pumzi moja.

Akainuka, akanyoosha mkono wa kushoto kuchukua sanduku juu ya kabati.

Ubavu wa kushoto ukawa mbele yetu wote. Chini ya kwapa mistari ilikuja vizuri, ikafika kwenye mshono, ikaachana.

"Simamisha hapo," mama wa maigizo akasema.

Pima akabonyeza rimoti. Gauni langu likasimama kwenye kioo, kosa lake liko wazi. Lilikuwa langu. Sikuwa nimebahatisha, nilikuwa nimesema kweli miaka ishirini na mbili bila kujua. Ingefaa nifurahi, lakini uso ulikuwa unaniwaka. Nikamtazama Pima nione furaha yake ilivyo. Hakuwa na furaha yoyote. Alikuwa anatazama ule mshono kama mtu aliyeita jina langoni, mlango ukafunguliwa na mwingine.

"Mashine hizi zinabahatisha," nikasema haraka. "Nimemuuliza fundi. Hazioni, zinajaza. Pale katikati imetunga tu."

Mama wa maigizo akavaa miwani. "Inawezekana," akasema. "Tuendelee, tuone."

Tuliendelea. Binti akainua mkono kumpungia mtu, mistari ikaachana pale pale. Akajipinda kufunga kiatu, ikaachana pale pale. Akamkumbatia baba yake, ndevu na yote, na nusu ya kidole yangu ilikuwepo imeshikilia ubavu. "Anayebahatisha," mama wa maigizo akasema polepole, "hakosei mara nne mahali pamoja." Likaja tukio la mvua. Lilipigwa picha gizani, fupi, na hapo hata deki ya Pima ilishindwa. Giza lilijaa chengachenga, bega moja likang'aa maji, binti akakimbia, basi. Pima aliinama mbele kabisa kwenye kiti chake mpaka tukio likaisha, kisha akaegemea nyuma taratibu.

Sinema ilipokwisha mama wa maigizo aliomba rimoti, akarudisha hadi pale kwenye sanduku, akasimamisha. Akatugeukia.

"Sasa naomba mniambie. Ni nani alilishona hili?"

Mnajua nilichotaka. Nilitaka dirisha. Nilitaka cherehani nane na mafundi wa kusimamia, na nilitaka Pima awe anapita nje ananiona ndani. Na nilijua, maana na mimi ni fundi, kwamba hakuna msimamizi wa mavazi atakayempa chumba chake mtu aliyeshona ubavu kama ule. Kwa hiyo nilifanya hesabu ya haraka, kama siku ile ya mkasi.

"Si mimi," nikasema. "Mimi sijawahi kushona hivyo. Nilidhani ni langu, lakini kwa ninavyoona leo, hapana. Langu litakuwa lile la mvua."

Mume wangu aligeuza shingo nzima kunitazama. Ameishi na habari za lile gauni miaka mingi kuliko alivyoishi na mama yake.

Mama wa maigizo akamtazama Pima. Nilingoja aseme, kama kawaida yake, kwamba tulishona wawili na hajui. Au aseme kweli, kwamba mistari yake haijawahi kuachana na kila mtu mjini anafahamu hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Pima alifumba macho kidogo, akafumbua.

"Ni langu," akasema.

"Lako?"

"Langu. Kitambaa kilikuwa cha kupimiwa, hakikuwa na ziada. Nilinyakua mkasi ili nikate kwanza, nikakilaza kipande cha nyuma vibaya. Nusu ya kidole. Nilipoona, nilikuwa nimeshakata. Nikashona, nikapiga pasi, nikanyamaza. Mwalimu aliona, akaniambia kamera haina macho ya fundi."

Neno kwa neno. Alikuwa amekaa ng'ambo ya meza siku ile ameinamisha kichwa, na mimi nilidhani anaangalia kazi yake.

Mama wa maigizo akaanza kucheka, kicheko kizuri, cha mtu aliyepata kitu chake. "Miaka ishirini na mbili, na unakumbuka hadi namna kitambaa kilivyolala," akasema. "Mimi wanaokata vizuri ninao. Ninachotafuta ni mtu atakayesimama mbele ya mafundi wangu aseme, hapa nilikosea, na nilikosea hivi. Usipompata huyo, kila mtu anaficha chini ya bitana, na siku ya onyesho nguo inakupasukia jukwaani. Jumatatu njoo uone chumba." Majirani wakapiga makofi. Mimi nikapiga pia, viganja vyangu vikaniuma.

Pima akaenda jikoni kuleta glasi. Nikamfuata, nikausukuma mlango nyuma yangu.

"Kwa nini umesema ni lako?"

"Wewe si umesema si lako."

"Unajua ni langu. Ulikuwa mbele yangu. Umesema mpaka habari ya mkasi!"

"Najua ni lako. Nilijua alipoinua mkono tu."

"Basi umenihurumia. Sitaki huruma yako, Pima, sikuiomba."

"Huruma?" Aliweka glasi kwenye sinki kwa kishindo mpaka nikadhani imepasuka. Sijawahi kumwona Pima amekasirika, na nilirudi nyuma hatua moja. "Mwenzangu, unajua nimeteseka vipi na gauni hilo? Kila bibi harusi aliyekuja kwangu aliniambia kwanza amepita kwako, kwa fundi wa lile gauni. Nikasema sawa. Nikajiambia, siku moja patapatikana mashine ya kuituliza ile mistari, itaonekana inakutana, na watu watajua ni mimi. Nimengoja mashine, unasikia? Wenzangu wanangoja watoto wamalize shule, mimi nangoja deki. Leo imekuja, nimeona. La kwangu ndilo lililonyeshewa. Mshono mzuri kuliko yote niliyowahi kupiga, uko gizani pale, na hata deki hii haiwezi kuutoa."

Ilinibidi nitazame bomba la maji.

"Nilikuwa nimeshakubali," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nimekaa pale najiambia, basi, ni lake, amenishinda kwa haki. Halafu nikakusikia unalikataa. Unalitupa mbele za watu, kwa sababu ya nusu ya kidole! Mimi ningelichukua hata lingekuwa na mkono mmoja. Umelitupa, nimeliokota."

Akakusanya glasi zake, akazipanga kwenye sinia, umbali sawasawa kati ya moja na nyingine, akanipita.

Niliporudi sebuleni mapazia yalikuwa yamefunguliwa. Mama wa maigizo alikuwa amesimama karibu na televisheni na mkoba begani. Aliniona nimesimama mlangoni na mdomo wazi.

"Ulitaka kusema kitu, mama?"

Yalikuwa maneno mawili tu, na yalikuwa ulimini. Lakini ili niseme ni langu ilinibidi kwanza niseme nilikana, na nilikana kwa ajili gani, mbele ya Pima na sinia lake na majirani watatu. Mume wangu alikuwa ananitazama. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane hakuwa na mzaha wowote usoni.

"Nilitaka kusema hongera," nikasema.

"Mwambie mwenyewe," mama wa maigizo akasema.

Nikamgeukia Pima, nikampa mkono, akaupokea. Nyuma yake picha ilikuwa bado imesimama. Binti amenyoosha mkono kwenye kabati, na ubavu wa kushoto uko wazi kabisa. Majirani walikuwa wameusogelea, mmoja anaonyesha kwa kidole mahali mistari ilipoachana, akimwambia mwenzake, unaona, hapa ndipo alipokosea Pima, na alikuwa anasema kwa heshima. Nikautazama mshono wangu ule uliopinda, na nikamwonea Pima wivu kwamba ni wake.